Godoro Nililoanika Mbele ya Kituo cha Basi

Ndugu zangu wa darasa letu, leo sina uso. Ule niliokuwa nao nimeuacha kwenye kituo cha basi hapa Kilburn, saa nane mchana, mbele ya watu wasiopungua ishirini.

Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa mwingine. London ni kubwa, lakini habari za Wakenya wake hupikwa kwenye sufuria moja.

Mnajua naishi na binti yangu Wakesho, yule nesi. Akienda kazini mimi hubaki na redio. Mwezi uliopita mwenzake wa kazini alikuwa na kitoto cha mbwa kisicho na pa kwenda. Nikamwomba Wakesho tukichukue. Nilimwomba kama mtoto anavyoomba baiskeli (umri wangu mnaujua, tusiutaje). Akakubali. Ni mbwa mweusi, mdogo, mwenye masikio makubwa kuliko akili zake. Nikampa jina la Diwani, kwa sababu hula, hulala, na siku ukimtegemea anakuangusha.

Shida yake ni moja tu. Kukojoa.

Nimejitahidi, jamani! Nilitandaza magazeti jikoni. Akakojoa kandokando ya gazeti, sawasawa, kama aliyepima kwa rula. Nikaanza kumtoa nje kila saa. Nasimama kwenye ngazi za mlangoni na koti, kofia na blanketi juu yake, namwambia, "Haya, mheshimiwa." Mheshimiwa ananusa ua. Ananusa kiatu changu. Anatazama basi linapita. Dakika ishirini! Tukirudi ndani, anafika kwenye kapeti, anaachilia, huku ananitazama kwa upendo.

Wakesho aliniandikia sheria tatu akazibandika kwenye friji. Akiamka, mtoe. Akimaliza kula, mtoe. Asipande kitandani.

"Na akikosea usimfokee, Baba," akaniambia. "Safisha, halafu jaribu tena."

Jumatatu akaongeza ya nne kwa mdomo. "Ikifika Jumamosi bado anakojoa ndani, nitamtafutia nyumba nyingine. Siwezi kutoka zamu nikaja kuanza kupiga deki."

Hapa nakiri kosa. Jumanne Diwani alikojoa kwenye kapeti. Badala ya kusema, nilisukuma kochi nikafunika doa. Jumatano akakojoa hatua moja mbele ya kochi. Nikalisukuma tena. Alhamisi Wakesho aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu.

"Baba, mbona kochi liko katikati ya nyumba?"

"Nafuata mwanga," nikasema.

(Kapeti ni la mwenye nyumba. Mungu anisamehe, na mwenye nyumba pia.)

Lakini Ijumaa! Ijumaa hakukojoa ndani hata mara moja. Alikojoa nje mara nne, na mara ya nne nilimpigia makofi na vigelegele mpaka jirani yetu wa juu, Bi Nora, mama mzee wa Kiayalandi, akafungua dirisha kuuliza kama kuna harusi. Nilikwenda kulala nikijiona mwalimu mkuu.

Ndipo ikaja Jumamosi, yaani leo. Wakesho alikuwa arudi saa nane. Nilichotakiwa kufanya ni kumvusha Diwani saa chache tu. Tukala ugali wetu wa mchana, yeye na mimi. Nikajinyoosha kitandani kidogo. Yeye akakaa chini, akaweka kidevu ukingoni mwa kitanda, akanitazama. Nani awezaye kuyavumilia macho yale? Nikampandisha. (Sheria ya tatu, najua. Na ya pili pia, kwa kuwa alikuwa ametoka kula.)

Nikasinzia. Nikaamshwa na joto. Joto zuri, la taratibu, likitambaa ubavuni mwangu. Sekunde mbili za kwanza nilifurahi. Ya tatu nikaelewa.

Saa ilikuwa saba na nusu.

Shuka limeloa. Godoro limeloa. Nikatupa shuka mashineni. Na godoro je? Sikilizeni, mtu aliyekulia kwetu Voi, godoro likiloa, hashauriani na mtu. Hulitoa juani. Jua la Voi litalikausha kwa saa moja, na ukilichelewesha litakukausha na wewe. Nikachungulia dirishani. Jua lipo! (Lilikuwa lile la London, la kuangalia tu. Lakini katika haraka yangu sikulihoji.)

Nyuma ya nyumba hatuna uwanja, tuna ukuta. Kwa hiyo nikamfungia Diwani ndani, nikalikokota godoro mbele. Kwenye ngazi likaniangukia mara moja, nikatoka chini yake. Nikaliegemeza kwenye kiukuta cha nje, doa likitazama barabara, kwa sababu ndiko jua liliko. Ndiko kiliko na kituo cha basi.

Dirisha la juu likafunguka.

"Bwana!" akaita Bi Nora. "Huwezi kutupa godoro hapo! Lazima uwapigie simu watu wa taka waje walichukue!"

Maana hapa mjini godoro likionekana nje ya nyumba, limetupwa. Hakuna anayefikiria kwamba limetoka kuota jua.

"Silitupi," nikajibu kwa Kiingereza changu kizuri. "Nalikausha."

Bi Nora akalitazama godoro. Akaliona doa, refu, jembamba, kama Ziwa Turkana. Kisha akanitazama mimi, macho yakashuka taratibu mpaka kwenye suruali yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba suruali sikubadilisha. Upande wote wa kushoto!

"Oo," akasema. "Oo, mpenzi." (Huku kila mtu huitwa mpenzi, hata na muuza samaki.) Akafunga dirisha polepole, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nilidhani yameisha. Kumbe amekwenda kumpigia simu Akinyi, anayeishi ng'ambo ya barabara. Akinyi ni mwenzetu kutoka Kisumu. Kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao, na kwa kuwa wengi wao hawasikii vizuri, yeye huongea kwa sauti ya uwanja wa mpira. Nikamwona anavuka, mkono mmoja anazuia magari, mwingine umeinua pakiti juu.

"Mzee! Baba Wakesho! Usijali kabisa!"

"Akinyi, mama, punguza sauti."

"Hakuna cha kuonea haya, mzee! Wazee wangu wote wanavaa! Kuna mmoja alikuwa jaji!"

Nikaiona pakiti. Nepi za watu wazima. Pale kituoni vichwa vyote viligeuka pamoja, kama shamba la alizeti.

"Si mimi," nikanong'ona. "Ni mbwa."

"Ndiyo, mzee." Akanipapasa bega. "Ni mbwa."

"Akinyi, nakwambia kweli ni mbwa!"

"Nimekubali, mzee. Yule jaji alikuwa anasema ni mvua."

Nikaona hakuna njia ila kumleta shahidi. Nikapanda ngazi, nikashika kitasa, nikafungua mlango nimtoe Diwani aje aseme mwenyewe. Wakati huohuo basi likasimama. Nani akashuka? Wakesho, na mkoba wake wa kazini.

Nikauachia mlango kama umenichoma.

"Wakesho!" Akinyi akamwahi. "Usimgombeze baba! Amepata ajali ya kitandani, basi! Wote tunaelekea huko!"

Wakesho akalitazama godoro. Akaitazama suruali. Akanitazama mimi.

"Baba. Ni wewe au ni Diwani?"

Ndugu zangu, lile basi la ghorofa lilikuwa bado limesimama. Juu kulikuwa na mama na watoto wawili, wamebandika pua kwenye kioo. Nikawaza haraka. Nikisema kweli, huyu mbwa haoni Jumatatu nyumbani kwangu. Nabaki na redio. Nikisema uongo, heshima yangu basi tena.

Nikavuta pumzi.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikunywa chai nyingi."

"Si nilisema!" Akinyi akashangilia. "Kiuno chako ni saizi gani, mzee? Geuka kidogo." Akanizunguka nyuma apime kwa macho, akaligonga godoro kwa nyonga, likalala chini, pwaa!

Lakini Wakesho hakucheka. Uso wake ukageuka ule wa kazini. "Imeanza lini? Unasikia maumivu? Unaamka mara ngapi? Jumatatu asubuhi nakupeleka kwa daktari akuangalie tezi dume."

(Wenye umri wetu tunajua anavyoangalia. Nikaanza kujuta.)

Basi, mlango niliouachia haukuwa umejifunga. Diwani akatoka. Akashuka ngazi mkia ukicheza, akampita Wakesho, akampita Akinyi na nepi zake, akapanda juu ya godoro. Akalinusa Ziwa Turkana kutoka kaskazini hadi kusini. Akachuchumaa katikati. Akaliongeza.

Kituo kizima kikapiga makofi!

(Na tuseme haki: alikuwa nje.)

Akinyi akaishusha pakiti. "Aa," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida. "Kumbe ni mbwa."

Wakesho alibaki amesimama. "Kwa hiyo," akasema, "umekubali kuitwa kikojozi mbele ya Kilburn nzima. Kwa ajili ya mbwa."

"Nilidhani utamwondoa."

"Na yale madoa chini ya kochi?"

"Uliyaona?"

"Baba, mimi ni nesi. Nina pua."

Wakesho akawa analitazama lile godoro, nami nikadhani anahesabu atakavyolisafisha. Kumbe hakuwa Kilburn kabisa.

"Mimi nilikuwa darasa la pili," akasema.

Nilikuwa nimesahau, wallahi nilikuwa nimesahau, na papo hapo nikakumbuka kila kitu. Wakesho wa miaka minane, pale nyumba za wafanyakazi wa posta. Akikojoa kitandani nilikuwa namtwika godoro kichwani, alipeleke mwenyewe kwenye ua wa barabarani, saa ambayo wenzake wanapita kwenda shule. Nilimwamuru asimame kando yake mpaka wapite wote. Sikuwa mlevi wala sikuwa na hasira. Nilidhani ndiyo malezi. Nilifanya vile muhula mzima, na kila nilipomaliza nilikwenda kazini nikapiga mihuri yangu kwa amani.

"Siku zile," akasema, "ungewaambia wenzangu hata ni paka, Baba."

"Hatukuwa na paka."

"Ndio nasema."

Nilitaka kueleza. Mnajua sisi wazee, tuna maelezo ya kila kitu: zamani ilikuwa hivi, nasi tulilelewa vile. Nikaangalia mguu wangu wa kushoto uliokuwa unaanza kupata baridi, nikaangalia watu wa kituoni ambao bado walikuwa wananitazama, nikaona maelezo yote hayana miguu.

"Nilikukosea, mama," nikasema. "Nilikukosea sana. Nisamehe."

Basi jingine likaja, likajaa, likaondoka. Mimi sikuongeza neno (jambo ambalo, kwa wanaonijua, ni muujiza).

Halafu kitu kikamtikisa mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka huku anafuta macho kwa mkono wa sweta, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kilikuwa kicheko peke yake.

"Chai nyingi!" akasema. "Baba, chai nyingi!"

"Ndilo lililonijia."

"Shika upande ule," akaniambia. "Mimi nashika huu."

Tukaliinua godoro pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Akinyi akatufungulia mlango akituelekeza kama anaegesha lori: "Kushoto, mzee! Kushoto kwako! Inama!" Diwani akaongoza msafara, kifua mbele, kama aliyezindua mradi.

Sasa naandika nikiwa kwenye kochi. Tumelipaka godoro siki, limesimama jikoni, linapulizwa na feni, nyumba nzima inanuka kachumbari. Safari ya daktari imefutwa. Nilipouliza kwa woga kuhusu ile sheria ya Jumamosi, Wakesho alinijibu akiwa anakata vitunguu, bila kugeuka.

"Diwani anabaki. Yeye ni mtoto, anajifunza. Wewe ndiye nakuweka kwenye majaribio, mwezi mzima."

Nimekubali masharti yote bila kuyasoma. Kisha amenijia na kikombe cha chai akakiweka kando yangu. "Nusu tu," akasema. "Kwa usalama." Na kuniona nimekasirika akacheka tena, akanishika bega akipita. Hajanishika bega hivyo kwa miaka mingi, ndugu zangu. Godoro moja si bei kubwa.

Diwani amelala miguuni pangu anakoroma. Nikimaliza sentensi hii namtoa nje.

Nimemtoa. Amenusa ua, ametazama basi, tumerudi. Kapeti limeloa. Sikumfokea, safari hii nimemwita Wakesho mwenyewe aje aone, kisha nimesafisha.

Basi, kama mtacheka, chekeni leo mmalize. Kesho ni Jumapili, Akinyi tunasali naye kanisa moja, na hupenda kusimama kutoa ushuhuda.