Samli, Tairi la Gari na Migomba ya Komora

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mimi Jaldesa, mkazi wa Garsen, miaka sabini na nne. Nimeishi kupita vita vya shifta, mafuriko ya Elninyo, ukame uliokula ng'ombe wangu wakabaki saba, na mamba mmoja wa Wenje aliyenishika mguu akajuta. Daktari aliyeniambia nipunguze chumvi, amezikwa. Sasa naambiwa nitashindwa na tairi. Tairi!

Naandika kwa mkono wangu. Nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, mwaka mzima, kiti cha mbele. Komora wa migomba alikaa nyuma yangu akinakili. Leo anasema yeye ndiye aliyenionyesha herufi. Mwongo mkubwa.

Hasira ya leo ni hii. Pikipiki yangu kubwa, ile aliyoiacha Mzungu bomani kwangu mafuriko ya mwaka juzi, akapanda boti, akapiga simu kutoka kwao kwamba nikae nayo. Tairi la nyuma limeisha. Limekuwa laini kama kisigino cha mtoto. Pikipiki hii ina masanduku ubavuni na kiti kama kitanda. Garsen nzima hakuna nyingine. Mzee mwenye ng'ombe saba husalimiwa na watu waliokaa. Mimi nikipita na hii, wanasimama.

Mke wangu Abdia hasimami. Anasema pikipiki haitoi maziwa. Hanad, yule mfanyabiashara wa mifugo, yuko tayari kubadilishana: yeye pikipiki, sisi mtamba. Nikasema pikipiki nzima haibadilishwi na ng'ombe mmoja. Abdia akauliza hiyo nzima iko wapi. Basi hasira ikanijibia. Nikasema: Ijumaa, kabla ya swala ya adhuhuri, kama haijakwenda mpaka mji wa Tarasaa na kurudi, Hanad aichukue. Mbele ya mashahidi! Mdomo huu!

Nimekwenda kwa Gershom, fundi wa pancha pale steji. Ati tairi la pikipiki ya namna hii liagizwe Mombasa, siku kumi. Nikaona tairi la gari limeegemea ukuta. Limeandikwa kumi na sita. Rimu yangu kumi na sita. Herufi hunisumbua, namba hazithubutu. Gershom akasema hapana mzee, tairi la gari ni bapa, la pikipiki lina mgongo wa mviringo, kwa sababu pikipiki hulala kwenye kona. Nikamwambia yangu hailali. Ikitaka kulala, italala nyumbani.

Jumanne, 4 Februari

Tairi limekataa kukaa. Gershom anapiga pampu, anatokwa na jasho, midomo ya tairi imejificha ndani ya rimu. Akaomba maji ya sabuni. Sabuni! Sabuni ni ya nguo. Mimi tangu utoto nimelainisha ngozi, kamba, vibuyu na magoti yangu kwa samli. Nikaenda nyumbani, nikachukua kibuyu cha Abdia, kile cha wageni. Nikapaka kote, nene. Upepo ukaingia. Paa! Upande wa kwanza. Paa! Upande wa pili. Gershom akaruka nyuma ya jiko la chapati. Mimi sikuruka. Nilikaa chini kwa hiari yangu.

Likawa linagusa madigadi. Nikaikata madigadi kwa panga. Gershom akasema yeye hakuona kitu, na jina lake nisilitaje popote. Nalitaja. Gershom. Gershom.

Jumatano, 5 Februari

Aibu. Hasira. Aibu tena.

Steji nzima ilikuja kutazama. Nikawasha. Ikanguruma. Nikaingiza gia. Rimu ikazunguka. Tairi halikuzunguka! Limekaa pale pale kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula. Rimu inateleza ndani ya samli, moshi unapanda, kijiji kizima kinanuka maandazi. Halafu valvu ya tyubu ikakatika. Fyuuu! Pikipiki ikakaa kitako. Mbwa wawili wakaja kulamba.

Komora alikuwepo. Kwa nini asiwepo? Amekaa juu ya kipikipiki chake cha kubebea ndizi, miguu inaning'inia. Akapaza sauti: "Mwanafunzi mwenzangu, hilo tairi unaliendesha au unalikaanga?" Watu wakashika mbavu. Jibu langu lilinijia baada ya saa mbili, nikiwa peke yangu. Ni jibu kali sana. Nalitunza.

Nyumbani kibuyu kimeshagunduliwa. Abdia hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alinipa chai ya rangi. Akasema maziwa na samli wametangulia Tarasaa, niwafuate.

Nimesugua rimu kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikachubuka; harufu ya samli kwenye tairi ikabaki. Tyubu nyingine. Kisha nikapata wazo, mimi mwenyewe, kichwani mwangu: sabuni. Gershom akakohoa kwa muda mrefu. Akamwone daktari.

Alhamisi, 6 Februari

Imekwenda! Andika tena: imekwenda! Asubuhi nimeijaribu kwenye lami. Imenyooka kama mshale. Imesimama imara kama kitanda cha miguu minne. Nikaachia mkono mmoja nikampungia Gershom. Akafunika macho. Wivu.

Ningegeuza hapo nirudi nyumbani, kesho ningekwenda Tarasaa na kumaliza maneno. Lakini niliona nipite njia ya mtoni, Komora anione.

Kona ya kwanza. Nikainama kushoto. Pikipiki ikakataa. Nikainama zaidi, sikio karibu liguse vumbi. Hapana! Lile tairi limeshika ardhi bapa kama meza. Mimi naelekea kushoto, pikipiki inaelekea ilikoamua yenyewe. Ikaingia malka, ile njia ya ng'ombe kushukia maji katikati ya mashamba. Ng'ombe wa Dagane, mfugaji jirani yangu, walikuwa wanateremka. Wakanipisha, mmoja mweusi akanitazama kwa huzuni. Wana adabu kuliko watu. Mbele yangu mto. Mtoni mamba, labda mtoto wa yule wa Wenje, anangoja kisasi. Nikavuta usukani kwa nguvu zote za ujana wangu. Ikakubali kulia. Kulia ni kwa Komora.

Migomba sita. Yenye mikungu.

Komora akatoka na kamba. Hakuuliza kama nimeumia. Akasema desturi iko wazi, wazee wa pande zote mbili, wafugaji na wakulima, waliikubali: mnyama akiingia shambani hufungwa mpaka wazee waje kutazama hasara. Nikamwambia hii si mnyama. Akasema vizuri sana, basi aliyeingia shambani ni wewe, geuka nikufunge.

Nikafikiri. Nikasema ni mnyama.

Akaifunga kwenye mti wa mkoma, kamba shingoni, fundo la fahali. Akaiwekea majani. Majani! Na maji kwenye sufuria! Ati mnyama wa watu asishinde na njaa. Nimerudi kwa miguu. Kila niliyekutana naye alikuwa ameshasikia.

Ijumaa, 7 Februari

Wazee wamekuja mapema. Upande wetu Halake, upande wa Komora mzee Levi. Wakafuata nyayo, kama inavyofanywa kwa ng'ombe. Levi akainama, akakuna kichwa. Nyayo za mbele ni za pikipiki, za nyuma ni za gari. Akauliza kama walioingia ni wanyama wawili.

Nikaona mlango! Nikasimama. Nikasema Komora ameshtaki pikipiki, lakini alama zilizopita juu ya migomba ni za gari, basi aifungue yangu akatafute gari lake. Halake akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa karibu kushinda, wallahi. Komora akamwomba Levi anuse mgomba. Levi akanusa. Akamwita Halake naye anuse. Halake akasema hajawahi kuona gari linalopakwa samli.

Hukumu: magunia ishirini ya mbolea, nibebe mwenyewe. Mnyama hafunguliwi mpaka gunia la mwisho. Ishirini! Kwa ng'ombe saba! Wale hawawezi kuharakishwa.

Bado jasho halijakauka, Hanad huyo na mtamba. Mwekundu, pembe nzuri, kifua kipana. Sitasema uongo kwenye daftari langu, ni mzuri. Abdia nyuma yake na kamba mpya. Adhuhuri inakaribia, Tarasaa sijaiona, pikipiki iko chini ya mkoma inatazamana na majani. Nikakaa chini. Nilifikiria tu kwamba kuanzia kesho nitapita steji kwa miguu, na watu wataendelea kukaa.

Hanad akaizunguka pikipiki. Akatazama madigadi. Akabonyeza tairi, akanusa kidole. Akauliza kuhusu kamba, wazee wakamweleza. Basi akasema yeye alikubali kuchukua pikipiki, na hii nyuma ni gari, mbele ni pikipiki, na juu ya yote ina kesi. Baba yake alimfundisha asinunue mnyama mwenye kesi. Akamgeuza mtamba, wakaenda zao.

Abdia alitazama ule mkia mpaka ukapotea. Kisha akanitazama mimi. Mamba wa Wenje hakunitazama hivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Magunia matatu yamekwenda. Mgongo umekufa. Komora anayapokea akiwa amekaa, anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa ngumbaru, anauliza kama nafuatilia somo.

Lakini nani ameshinda? Nimewaza usiku kucha na ukweli ni mmoja. Pikipiki bado ni yangu. Nani aliiokoa? Tairi la gari! Lingekuwa tairi la pikipiki kama Gershom alivyotaka, Hanad angeichukua jana hiyo hiyo. Abdia nimemweleza mara tatu. Yuko kwa dada yake.

Na kosa la kwenye kona nimeligundua. La nyuma halikuwa na kosa. Kosa ni la mbele. La mbele mviringo, la nyuma bapa, yakabishana, mimi nikaumia katikati. Dawa ni kuweka la gari na mbele pia. Gershom analo moja. Anakataa kuniuzia, amekaa juu yake. Atachoka. Na samli safari hii kidogo tu, kijiko kimoja.

Haya yote ni kweli. Waulizwe Halake na Levi, walinusa. Aulizwe Dagane, ng'ombe wake waliona. Aulizwe hata Komora. Atacheka kwanza, mngojee amalize, kisha atasema kweli, Jaldesa alikuja kwa kasi, na alikuwa amekaa wima.