Kuku Aliyefunikwa Blanketi

Jumamosi hiyo Kituyi alifika kijiweni amekumbatia kapu kubwa kifuani, anatembea polepole kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Kijiwe chetu ni benchi mbili mbele ya kibanda cha chai cha Mama Wahu, pale unapoingia Huruma kutoka mjini. Mimi fundi viatu nimejibana pembeni na kigoda changu, nasikia kila kitu, hata yale ambayo ningelipa nisiyasikie.

Kituyi sisi tunamwita Muhtasari. Si kwa ufupi, maana ni mrefu mpaka anainamia kila mlango. Ni kwa sababu ya betri. Habari zikianza, yeye husikiliza muhtasari peke yake, halafu anazima redio ili betri zikae. Kwa hivyo hakuna jambo lililotokea duniani asilolijua, ila hajui hata moja liliishaje.

"Mmesikia?" akauliza, bado amesimama na kapu. "Makaa kwisha. Serikali imesema."

Macharia akapaliwa na chai. Huyu tunamwita Gunia, na ndiye anauzia nusu ya Huruma makaa.

"Kwisha namna gani?"

"Imetangazwa asubuhi. Wananchi wahimizwa kupunguza makaa, akina mama waonyeshwa kapu linalopika bila moto."

"Halafu?"

"Halafu nikazima."

"Haiya! Yaani unaniulia biashara na unazima?"

"Betri ni mpya, Gunia. Siwezi maliza betri mpya juu ya makaa yako."

Kipkorir akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kipkorir ni askari wa lango katika chuo kule Chepkoilel, na kwa vile walimu wote humpitia yeye kabla ya kufika darasani, anaamini elimu pia humwachia kidogo inapopita. Tunamwita Profesa, na haoni kwamba tunamcheka.

"Hiyo ni sayansi," Profesa akasema. "Huko kwetu chuoni tunajua siku nyingi. Miti ikiisha, mvua inahama. Inaenda Uganda, na ukitaka inyeshe shamba lako unaandika barua Kampala."

"Makaa yangu haimalizi miti," Gunia akasema. "Natumia miti iliyoanguka yenyewe."

"Yenyewe, na shoka imeshikwa na nani?"

"Upepo."

"Kwa hivyo upepo wa huku Uasin Gishu unatembea na shoka?"

"Wewe Profesa, chunga lango. Na hiyo redio nayo imekosea. Mtu mzima anatangaza kwa watu kwamba kapu inapika! Kesho atasema gunia inazaa."

Muhtasari akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Gunia. Unasema redio imekosea?"

"Nimesema..."

"Redio ni ya nani?"

Hapo sote tukainamia vikombe. Siku hizo ulikuwa unaweza kumtukana mkeo, jirani na hata mchungaji, lakini redio, kwa vile ni ya serikali, ulikuwa unaitukania chini ya blanketi. Isitoshe, kando ya mtaro alikuwa amesimama mtu mwenye koti refu kama mpelelezi, na jua lile lote. Gunia alipomwona, akasimama akapaza sauti.

"Mimi naunga mkono kapu! Naunga mkono mia kwa mia!"

"Mimi niliunga mkono kabla haijatangazwa," Profesa akadakia.

Mtu wa koti refu akavuka mtaro, akakojoa nyuma ya duka la mahindi, akaenda zake. Gunia akaketi tena huku anajipangusa jasho.

Muhtasari akaliweka kapu benchini, katikati ya Gunia na Profesa. Lilikuwa limejaa matambara, na juu yake blanketi la kijivu limekunjwa na kubanwa vizuri.

"Msiguse," akasema. "Na msitingishe benchi. Ndani kuna jogoo, inaiva."

Nikaacha kushona. Tukalitazama lile kapu. Halikutoa mvuke wala harufu.

"Inaiva sasa hivi?" nikamuuliza.

"Sasa hivi tunavyoongea. Tangu asubuhi. Ukifungua, nguvu inatoka."

"Na mbona umeileta hapa, Muhtasari? Huna nyumba?"

"Nyumbani kuna paka ya jirani. Na Mzee Nicanor haijui nyumba yangu. Tumeagana tukutane hapa kwa Mama Wahu. Atashuka na gari ya Bungoma mchana huu."

Kusikia jina hilo, hata Gunia akashusha kikombe. Mzee Nicanor ni baba yake Nasambu, na Nasambu ni mke wa Muhtasari. Au alikuwa. Hilo ndilo lingeamuliwa siku hiyo.

Mambo yalikuwa hivi. Nasambu alijiandikisha ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, na ikawa kila jioni akishaosha vyombo anakaa na kitabu karibu na koroboi, anafuata maneno kwa kidole. Muhtasari naye hakuona kitabu, aliona mafuta ya taa yanayopungua. Akawa anapuliza. Mama wa watu anawasha, yeye anapuliza. Anawasha, anapuliza. Asubuhi moja Nasambu akafunga nguo zake akapanda gari kwenda kwao, na tangu hapo Muhtasari amekonda, shati linamning'inia, ingawa ukimuuliza anasema ni joto.

"Mzee amesema nini?" Mama Wahu akauliza kutoka ndani, mikono imejaa unga wa mandazi.

"Amesema anakuja na Nasambu, wote wawili. Aone kama mimi ni mtu wa kuwekewa mke. Akikaribishwa vizuri, anamwacha. Asipokaribishwa vizuri, anarudi naye, na sanduku iliyobaki wanabeba." Muhtasari akalipapasa kapu. "Ndio nimechinja jogoo. Nimeikata mwenyewe, nimetia chumvi, nimetia nyanya. Nataka mzee aone kwamba hata bila mke mimi napika, na sichezei makaa."

"Subiri kidogo," Mama Wahu akasema, akatoka nje. "Uliichemsha kwanza?"

"Kuchemsha nini?"

"Kuku."

"Mama Wahu, si ni kapu ya kupika bila moto? Nikichemsha, kapu itafanya kazi gani?"

Mama Wahu akafunga macho kama mtu anayeomba. Redio yake yeye inatumia betri ya lori, kwa hivyo huisikiliza mpaka wimbo wa mwisho. "Kituyi, baba. Walisema unachemsha kwa moto mkali kwanza. Ikishachemka sawasawa, unafunika, ndio unaingiza kwa kapu ili ile joto ikae ndani imalizie kazi. Kapu haina moto wake. Kapu inatunza moto ulioipa."

"Walisema saa ngapi hayo?"

"Baada ya muhtasari."

Sijawahi kuona mtu mrefu akifupika haraka namna ile. Muhtasari akavuta blanketi, akatoa sufuria, akafunua kifuniko. Gunia akatia kidole.

"Baridi! Hata chura anaweza kuoga hapa."

"Ilikuwa inaiva..."

"Haikuwa inaiva, ilikuwa inalala. Umechinja jogoo wa watu, ukamtandikia, ukamfunika blanketi, ukangoja. Hiyo si kupika, ni kulaza mgonjwa."

"Nasambu ataniacha," Muhtasari akasema. Hakusema kwa utani. Alirudisha kifuniko polepole, nasi tukaacha kucheka, hata Profesa.

Sasa nitasema ukweli kuhusu Gunia, ingawa simpendi sana. Mtu mwingine angekaa pale afurahie. Gunia aliinuka, akakaza mshipi na kunyoosha kidole juu kama mtu anayehutubia baraza.

"Leo mtajua makaa ni nani! Profesa, leta jiko ya mama yako. Fundi, leta yako. Mama Wahu, toa hiyo chai motoni."

"Chai yangu sitoi."

"Mama, ndoa ya mtu!"

Akaitoa. Gunia akakimbia bandani kwake akarudi na gunia zima mabegani, makaa ya mti mgumu kabisa, yale ambayo huwa anawauzia Wahindi peke yao. Tukawasha majiko matatu. Sufuria ikapanda la kwanza, la pili likachemsha maji ya kuongezea, la tatu hakuna aliyejua ni la nini, lakini tulishaliwasha. Profesa alipepea kwa kofia ya kazi mpaka ikaungua ukingo. Muhtasari alifungwa leso ya Mama Wahu kiunoni akapiga magoti anapuliza, yeye aliyekuwa bingwa wa kupuliza moto uzimike.

"Funika sufuria!" Mama Wahu akapiga kelele. "Ukifunika inaiva mbio na makaa inabaki! Hiyo pia ilitangazwa!"

"Na tukiulizwa kwa nini tunawasha moto mkubwa hivi siku ya tangazo?" Profesa akauliza, macho njiani.

"Tutasema tunamaliza makaa ili kesho tusiwe nayo."

"Hiyo iko sawa. Hiyo ni uzalendo."

Kila baada ya muda mfupi kulikuwa na mtu wa kufunua kifuniko, anachoma nyama kwa uma, anatikisa kichwa. Jogoo lile lilikuwa zee. Nadhani lilikuwa limewika tangu enzi za mzungu. Gunia ndiye alifunua mara nyingi kuliko wote, kwa sababu, alisema, moto ni wake na ana haki ya kukagua.

Nyama ilikuwa imeanza kulegea tulipomwona Mzee Nicanor anakuja na mkongojo na kofia ya kanisa. Nasambu alikuwa nyuma yake, kitambaa cheupe kichwani, mfuko mkononi. Hakutazama upande wa Muhtasari. Alitazama yale majiko matatu.

Muhtasari akasimama na leso yake kiunoni, masizi usoni. "Karibu, Baba. Karibu sana. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee akaketi. Akatazama kapu tupu, blanketi chini, moto pande zote, na Profesa anayepepea kwa kofia inayofuka moshi. "Kuna matanga hapa?"

"Hapana, Baba. Ni chakula yako."

"Ni mimi nakuja kula, ama ni kikosi?"

Mama Wahu akaleta maji ya kunawa, ugali ukashuka, na sahani ya nyama ikawekwa mbele ya mzee. Mzee akaomba dua, akashika kijiko, akageuza vipande taratibu. Akageuza tena. Paja lilikuwepo, mabawa yalikuwepo, shingo ilikuwepo. Akaweka kijiko chini.

"Kituyi."

"Baba."

"Firigisi iko wapi?"

Mimi si mtu wa kwao, lakini nimekaa Huruma muda wa kutosha kujua. Kwa watu wa Bungoma, mkwe wako ukimletea kuku pasipo firigisi, ni heri usingemletea kuku. Kile kinofu kidogo ndicho kinachomwambia mgeni kwamba wewe ndiye mkubwa hapa. Kikikosekana, umemwambia aondoke. Muhtasari akachungulia sufuria, akakoroga mpaka chini bila kuipata.

Ndipo sote tukamwona Gunia. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, na taya zilikuwa zimesimama ghafla.

"Nilikuwa napima kama imeiva," akasema, na kumeza.

"Umepima na firigisi?"

"Si ndiyo ndogo! Nikaona nisiharibu nyama. Kwetu hiyo hata tunapea watoto!"

Mzee Nicanor akashika mkongojo. Hakugomba. Alisema polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mkwe ananipa kuku, na firigisi inaliwa na muuza makaa. Nasambu, shika mfuko."

Nasambu akaushika. Profesa akaacha kupepea. Mimi nilitazama kiatu nilichokuwa nacho mkononi, maana sikuweza kutazama pengine.

"Baba, ngoja," Muhtasari akasema. Akafungua leso, akaishika tu mikononi, hajui aiweke wapi. "Hiyo firigisi siwezi kuirudisha. Na hiyo kuku nilikuwa nimeshindwa kuipika tangu asubuhi, ni hawa wamenisaidia. Mimi sikutaka kukuonyesha ubaya. Nilitaka Nasambu arudi." Akageuka kwake. "Tangu uende sijawasha koroboi. Mafuta iko vile vile uliiacha, imejaa. Nikiingia jioni nakaa gizani, nasema leo nimeokoa mafuta, na hakuna mtu wa kuambia. Nikikuona tena na hicho kitabu, afadhali nijipulize mimi mwenyewe nizimike kuliko koroboi. Rudi usome. Soma mpaka asubuhi ukitaka."

Nasambu alikuwa anamtazama sasa, masizi yale, shati lile linaloning'inia. Kisha akamtazama baba yake, na mzee akasugua pua, akavuta sahani karibu.

"Paja ni laini," mzee akasema bila kumtazama yeyote. "Mtu aniongeze mchuzi."

Walikula, na mzee akabaki anaongea mambo ya bei ya mahindi na Profesa, ambaye alikuwa na maoni. Gunia hakuthubutu kugusa hata mchuzi. Nasambu akachukua ufunguo mfukoni mwa shati la mumewe bila kuuliza, akashika njia ya nyumbani. Muhtasari akakusanya kapu, matambara na blanketi, akamfuata mbiombio, huku nusu ya vitu vinamdondoka.

"Nasambu! Leo nitakuwashia mbili! Moja ya kitabu, moja ya nyumba!"

Nasambu akasimama, akageuka, mkono kiunoni.

"Moja inatosha, Kituyi. Mbili ni kuharibu mafuta."