Kazi ya Nyumbani Niliyoisaini Mwenyewe

Jamani, leo watoto kumi na mmoja wamenivua nguo nikiwa nimevaa suti. (Ni koti tu, lakini acheni niliite suti.)

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Jana katika somo la uraia nilihubiri sana juu ya kuheshimiana na kujaliana. Nikatoa kazi ya nyumbani: kila mmoja amtembelee mtu wa mtaa anayeishi peke yake, ampelekee kitu kidogo, na huyo mtu atie saini daftarini. Nilikuwa nawaza bibi wajane. Nikajiona mwalimu bora wa Kivu nzima!

Sasa, nilihamishwa kutoka Kananga miezi saba iliyopita. Darasani najigamba kwamba kwangu wageni hawakauki. Uongo mtupu! Hakuna aliyewahi kubisha mlango wangu, na sikutaka wanafunzi wajue. Mwalimu wa kuhurumiwa, nani atamsikiliza?

Kwa hiyo nina katabia kangu. (Msinihukumu.) Nikirudi jioni napiga hodi kwangu mwenyewe, naingia, halafu najijibu kwa sauti ya kike. Upweke unapungua kidogo.

Leo pia nikapiga hodi. Mazungumzo yakaenda hivi (wote wawili ni mimi):

"Karibu, papa! Pole na kazi! Batoto habakukusumbua?"

"Ee, mama, ule Kambale! Alinichokesha kichwa!"

"Pole. Ikala kwa kiti, nikuletee chai."

"Aksanti, chérie."

Chérie, yaani mpenzi! Mara nikasikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba. Nikafungua dirisha. Wanafunzi wangu kumi na mmoja wamekaa kwenye ngazi ya jikoni. Kambale yuko mbele, amekumbatia kabichi.

"Mwalimu," akasema Masika, kiongozi wa darasa, "tungoje kwanza mama akupatie chai?"

Aliye mdogo kuliko wote akachungulia ndani. "Mais hakuna mama! Iko yeye peke yake!"

Mungu wangu! Nikakusanya ukali wote niliobakiwa nao. "Mulikuya kufanya nini hapa?"

"Devoir, mwalimu, ile kazi ya nyumbani," akajibu Masika. "Mama yangu alisema tusitafute mbali. Tuende kwa mwalimu wetu, juu hata mutu moja hapana anamutembeleaka."

Kumbe mtaa mzima ulijua. Miezi saba nahangaika kuficha, na wao wananitazama tu nikipita. Iliniuma, sitawadanganya.

Wakaingia. Kambale akanipa kabichi kwa mikono miwili, kama nilivyowafundisha, akainamisha kichwa. "Pardon, mwalimu. Kesho sitakuchokesha."

Nikawachemshia chai, vikombe viwili, wakanywa kwa zamu. Kisha wakapanga madaftari mezani na kunipa kalamu. Nikatia saini mara kumi na moja, chini ya maneno waliyonakili, niliyoyaandika mwenyewe ubaoni: "Mtu asiye na wa kumtembelea." Kesho natakiwa kuyasahihisha madaftari hayo, na mkuu wa shule atayapitia yote.

Tafadhali, msinicheke humu. Anayeshindwa kujizuia, aje anichekee hapa nyumbani, na akae mpaka amalize.