Magunia Arobaini na Mlango wa Nyuma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Mama mkwe ametuita ghalani mimi na mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa mdogo wake mke wangu, akatutangazia kwamba magoti yamemchosha. Anastaafu. Ghala, ufunguo, meza na kile kiti chake kinachozunguka vitakwenda kwa mmoja wetu. Nani? Atakayepitisha magunia mengi zaidi mpakani kufikia Jumamosi mchana. Mimi nitapeleka mazao nje kupitia mlango wa nyuma. Mwanyumba ataingiza ya ng'ambo kupitia mlango wa mbele. Ubao wa chaki umeshatundikwa. Safu mbili: Kutoka, Kuingia.

Kutoka ghalani hadi lango la mpaka ni hatua mia nne. Nimezipima mwenyewe. Mwanyumba naye alikuwa anazipima, akitokea upande wa pili. Tulipokutana katikati kila mmoja akajifanya ameangusha kitu.

Nakitaka kile kiti. Si kwa ajili ya kuzunguka tu, ingawa kuzunguka pia nimo. Wiki iliyopita jirani alimuuliza mke wangu, mumeo siku hizi anafanya kazi gani? Mke wangu akafikiri. Akafikiri tena. Akajibu: yupo. Yupo! Kama ndoo. Iliniuma na bado inaniuma.

Mali ninayo. Magunia arobaini ya maharage kutoka shambani kwa baba, mazuri, yamejaa mpaka shingoni. Moja lilikuwa na tundu, nimelitia kiraka cha suruali yangu ya kulalia, ile ya mistari ya buluu, pamoja na kifungo chake. Limependeza kuliko mengine yote.

Mke wangu amenipatia namba ya dalali mwenye wanunuzi ng'ambo. Dalali huyu haongei na mtu kwenye simu, anaandika tu. Masharti: yeye anachota pishi mbili za maharage, yaani vibaba vinane, kwa kila gunia, kila safari, na mnunuzi atanilipa Jumamosi. Nikamwandikia kwamba nimekubali. Hapo hapo nyenje akalia jikoni, ndani ya kikapu cha mke wangu. Nyumba hii inataka dawa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeuza nje! Mimi!

Haikuwa rahisi. Mkaguzi wa mimea pale langoni ni mtu mnene, mpole, asiye na haraka. Ana bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia na kuchota punje. Alilichoma kila gunia, akachota konzi ya maharage, akayatazama kwa mapenzi na kuyamimina kwenye pipa lake. Nikamuuliza kama hayarudishwi. Akanieleza kwamba sampuli ni mali ya sayansi.

Kisha akazikataa paleti, zile fremu za mbao tunazopangia magunia. Kumbe mbao nazo ni mazao, ya msitu, na haziruhusiwi kuvuka bila kuokwa kwenye tanuri ili wadudu wafe. Zikaokwa. Zikatoka zimechangamka rangi, zikapigwa muhuri. Magunia yakavuka. Ubaoni: Kutoka, arobaini. Nilimwomba mama mkwe aandike kwa herufi kubwa zaidi. Akasema chaki ni ya kwake.

Furaha ilidumu saa tatu. Alasiri mwanyumba akaingia na lori, kifua mbele, miwani ya jua usoni ingawa kulikuwa na mawingu. Magunia arobaini ya maharage ya ng'ambo! Akatamba kwamba maharage ya wenzetu yana ngozi laini na adabu, si kama haya yetu ya kienyeji. Nilimeza mate machungu.

Halafu nikaona jambo la kutisha. Gunia lake moja lina kiraka. Mistari ya buluu. Kifungo.

Wamenakili kiraka changu! Kwa saa tatu tu! Wenzetu wako mbele sana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asubuhi nilikwenda ofisi ya forodha kushtaki wizi wa kiraka. Ofisa akanisikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa hewani. Akaniagiza nilete suruali yenyewe kwa ajili ya kulinganisha. Nimeileta. Akaiweka mezani, wakaja wenzake watatu kuitazama, nao wakatoka nje kwa zamu ili wacheke. Sitakata tamaa. Nimepewa namba ya jalada.

Tatizo kubwa ni lingine. Maharage yangu yameisha na wakulima wote wa karibu wameshauza. Nikamwandikia dalali kwa uchungu. (Nyenje huyo tena. Nilikipekua kikapu cha mke wangu, nikakuta vitunguu, uzi na simu ya zamani. Mdudu hakuonekana. Mke wangu akaniuliza natafuta nini kwenye vitu vyake, nikasema mdudu, akasema tutafute wote, tukatafuta kwa bidii.)

Dalali akajibu kwamba anayo maharage ya daraja la kwanza, magunia arobaini, ila yametoka ng'ambo jana tu. Nilicheka peke yangu mpaka nikapaliwa. Ni ya mwanyumba! Nitayachukua maharage yake kwa siri na kuyapeleka nje kama yangu! Dalali ameniandikia kwamba mwenye mali ameambiwa mnunuzi ni hoteli kubwa. Kwa hiyo mchana, alipokuwa amelala kwenye benchi la mlango wa mbele, wapagazi wangu waliyatoa kwa mlango wa nyuma wakinyata. Bambo. Tanuri. Muhuri. Themanini!

Jioni mwanyumba akaingiza mengine arobaini. Themanini naye. Na wamenakili kiraka tena! Safari hii wamekosea kidogo, kifungo kinaning'inia.

Nimwandike pia shemeji, mke wa mwanyumba. Amevuka mpaka tangu juzi kumuuguza shangazi yao. Huyo shangazi nilimwona leo sokoni huku kwetu, amebeba mkungu wa ndizi kichwani na bado anapunga mkono. Magonjwa ya siku hizi hayaeleweki.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Safari tatu! Mbinu yangu inakwenda kama saa. Mwanyumba anaingiza, anasinzia, natoa. Maskini, anafikiri ile hoteli inapenda maharage. Mia mbili mimi, mia mbili yeye. Mama mkwe anaandika tu ubaoni. Leo ameniuliza kama nimewahi kuyatazama maharage yenyewe. Nimemjibu kwa heshima kwamba mfanyabiashara mkubwa hatazami punje, anatazama mkondo. Akaniambia haya, baba.

Kitu kimoja kinanishangaza. Magunia ya ng'ambo yanazidi kuwa mepesi. Jumanne wapagazi walikuwa wanaguna. Leo wanapiga mluzi. Mmoja alibeba mawili kwa mkono mmoja huku anakula muwa. Mkaguzi anachoma bambo mara mbili tatu ndipo anapata konzi. Pipa lake limejaa, sasa ana mapipa manne, na mkaguzi wa upande wa pili, anasema, ana matano. Sayansi inanawiri.

Paleti nazo zimebadilika. Zimeokwa mara tano, zina rangi ya kahawa na zimejaa mihuri mpaka hakuna pa kugonga mwingine. Ukizigonga zinatoa sauti kavu. Hakuna mdudu hata mmoja ndani yake, hilo naliapia.

Jioni nilikutana na mwanyumba bombani. Alilalamika kwamba dalali wake anamkata pishi mbili kwa kila gunia. Nikamuuliza, ni mtu wa namna gani huyo? Akasema hamjui, anaandika tu. Nikamwonea huruma. Mtu mzima unafanya biashara na mtu usiyemjua.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mnunuzi wangu wa ng'ambo ameleta barua. Anauliza kwa nini gunia la maharage linapeperuka. Mwandiko mzuri, wa kike, herufi zimelala upande kama za kadi ya harusi ya shemeji. Nimemjibu kwamba maharage makavu kabisa ndiyo yenye thamani, na yangu yamekauka kupita kiasi.

Safari nne leo! Ya mwisho magunia yote arobaini yalibebwa na mpagazi mmoja, begani, yamekunjwa. Niligombana naye njiani. Nilitaka ayabebe moja moja, kwa hadhi. Akaniuliza kama ninataka atembee hatua mia nne mara arobaini akiwa amebeba hewa. Nikasema ndiyo. Akaniachia yote barabarani akaenda zake, nikabeba mwenyewe. Kiraka kilikuwa juu kabisa, kinanitazama. Kifungo kimedondoka.

Mkaguzi alichoma bambo gunia la kwanza. Likatokea upande wa pili. La pili, vivyo hivyo. Alionekana kama mtu aliyefiwa. Mwishoni akapata punje moja katika gunia la thelathini na tisa, akaishika, akaizungusha kwenye mwanga, akaitia mfukoni. Cheti akanipa. Anasema hajawahi kuona mzigo safi kama huu, hauna fukusi, hauna vumbi, hauna chochote.

Tanurini hali si nzuri. Paleti zimetoka nyeusi. Nilipoishika moja mkono wangu ukawa mweusi hadi kiwiko. Zimepita hivyo hivyo, muhuri umepigwa kwa chaki.

Mia tatu na sitini! Nimemwandikia dalali kumwomba mzigo wa kesho alfajiri. Nyenje amelia. Dalali amejibu kwamba pishi mbili kwa kila gunia hazipatikani tena, kwa hiyo anafunga kazi. Sikumwelewa. Mke wangu ameingia kulala anatabasamu. Nadhani anaanza kuniona.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimevaa suti. Mwanyumba naye suti. Tai zetu zinafanana, aliiga.

Mama mkwe akasimama mbele ya ubao. Kutoka, mia tatu na sitini. Kuingia, mia tatu na sitini. Sare! Nilimtazama mwanyumba kwa dharau, naye akanitazama hivyo hivyo. Mama mkwe akasema vizuri sana, wanangu, sasa nionyesheni harage moja.

Nikajipapasa mifuko ya suti.

Mwanyumba akayaleta yale magunia arobaini aliyoyaingiza jana jioni, ameyashika kwapani. Mama mkwe akayakung'uta moja moja. Vumbi. Akalifikia lenye kiraka, akalinyanyua juu watu wote wakaliona, akasema suruali hii imeanikwa uani kwake miaka mitatu, anaijua kuliko anavyomjua mwenye nayo. Nikamweleza habari ya wizi na namba yangu ya jalada. Alifumba macho muda mrefu.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka, akaingia shemeji kutoka kwa mgonjwa. Nyuma yake lori. Magunia thelathini na sita ya maharage, yamejaa mpaka shingoni, wapagazi wanaguna kama siku ile ya Jumanne. Mke wangu akatoka kwenye lori hilo hilo, upande wa dereva. Mama mkwe akawauliza wameyapata wapi. Wakajibu kwa pamoja: pishi mbili mbili, Mama.

Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Akatoa ufunguo na kuwapa wanawe. Akasema katika wiki nzima watu waliofanya biashara kwenye ghala hili ni hao wawili, wengine tulikuwa tunafanya mazoezi ya viungo. Mke wangu akakaa kwenye kiti. Akazunguka. Mara moja tu, taratibu. Nilitaka kulia, nikasingizia vumbi la magunia.

Kisha, kwa upole, mke wangu akaniambia mlango wa nyuma unahitaji mtu wa kuufungua asubuhi na kuufunga jioni. Mwanyumba amepewa wa mbele.

Nimelifikiria sana suala la yule dalali. Ni dhahiri alikuwa tapeli wa ng'ambo, na wake zetu, kwa bahati, wamemnyang'anya mali. Nimejisikia fahari.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumekula kwa mama mkwe, familia nzima. Maharage. Mkaguzi wa mimea alikuwepo, ameleta sufuria lake. Matamu ajabu! Nikauliza ni ya kienyeji au ya ng'ambo. Watu wote wakatazama sahani zao. Mwanyumba akasema ya ng'ambo, unaijua ngozi yake. Kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Jirani amemuuliza tena mke wangu, mumeo anafanya kazi gani siku hizi? Niliacha kutafuna. Mke wangu hakufikiri hata kidogo. Akajibu: yupo mlangoni.

Mlangoni! Wiki iliyopita nilikuwa yupo tu. Nimepanda cheo.

Na cheo hakiji peke yake. Jioni, nikifunga mlango wangu, nimeziona zile paleti zimerundikwa pembeni. Nyeusi, kavu, nyepesi. Nimevunja kipande, nikakiwasha. Kimeshika moto vizuri, bila moshi. Mkaa! Zao la msitu, limekaguliwa mara kumi na nane, lina mihuri yote! Nani mwingine mpakani ana mkaa wenye cheti? Nimesikia mwanyumba anataka kuanza kuingiza mkaa kutoka ng'ambo. Aingize tu. Akisinzia, ninao mlango.

Nakumbuka yule dalali ni tapeli, lakini ndiye pekee mwenye wanunuzi. Nimemwandikia sasa hivi kwamba pishi mbili nimekubali, hata tatu. Nyenje amelia jikoni.