Sindano za Mstari wa Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu mpenzi, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Shemeji je, na kile kikohozi cha mtoto? Sisi huku wazima, ila mimi nimeonewa. Kwa vile umesema nikipiga simu nakumalizia siku nzima, nimenunua daftari. Nitaandika kila jioni, halafu nitalituma kwako. Soma peke yako. Shemeji asilione.

Habari ni hii. Kwaya yetu inarekodiwa video Jumamosi. Video! Na leo mwalimu wa kwaya amepanga mistari upya. Mimi, niliyeanzisha nyimbo mbele miaka kumi na tisa, nimepelekwa mstari wa tatu. Nyuma ya Mlingoti! Ni yule mwimba besi mrefu. Nyuma yake haonekani mtu hata akijifunga taa kichwani. Nikamuuliza mwalimu sababu. Akasema kamera za siku hizi hazina huruma, zinaona kila mkunjo, mbele wakae wenye nyuso laini. Akaniomba nisilichukulie vibaya. Nimelichukulia vibaya.

Mahali pangu kapewa Bi Poda. Unamkumbuka? Yule aliyekuja kwenye msiba wa mama na vioo viwili mkobani. Umri wetu mmoja, ila wake umepakwa. Akanipa pole. Pole yenyewe ilikuwa na meno.

Nikasali, nikaomba ishara. Nilipotoka nje nikainua macho, na juu ya duka la viatu kulikuwa na bango: TIBA YA SINDANO. USO UPYA. WAGONJWA WAPYA KARIBUNI. Mtu aombe ishara, apewe bango zima, akatae?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda. Mzee wangu aliuliza naelekea wapi. Nikamwambia nina shughuli ya sindano. Fundi cherehani akisema sindano, nani atauliza zaidi? Uongo sikusema. Nimeipitia ile sentensi mara mbili, ni safi.

Chumba kidogo, kinang'aa. Kitanda kimoja chenye shuka la karatasi, feni darini, ukutani picha ya mtu aliyejaa vitone mwili mzima kama karatasi ya kukatia koti. Daktari mwenyewe ni binti, ningeweza kumzaa. Mpokezi akanipa fomu ya wagonjwa wapya. Kurasa nne! Je, una kisukari? Je, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Je, unaogopa sindano? Hapo nikacheka peke yangu. Miaka thelathini najichoma na sindano ya cherehani namba kumi na nne, na sijawahi kuacha pindo katikati. Palipoandikwa umri nikajaza "wa kutosha." Mpokezi akanirudishia.

Daktari akanionyesha sindano yake. Nyembamba kama unywele, na haina tundu! Nikamwambia kwangu hiyo ingekatika kwenye kola ya kwanza. Akasema yeye hashoni kola. Akanieleza kwa upole kwamba tiba ni mbili. Ya kwanza, sindano hizo zinachomekwa usoni na mikononi, unalala nazo nusu saa, damu inaamka. Ya pili ni kalamu yenye visindano nchani. Inatoboa ngozi vitundu vidogo sana, kisha ngozi inajishona yenyewe. Inajishona! Hilo nimelielewa kuliko mahubiri ya mwezi mzima, Mungu anisamehe.

Nikasema nataka zote mbili, kazi iwe tayari Jumamosi. Akasema ngozi huchukua wiki kadhaa, na huenda tukarudia mara tatu au nne, na miujiza yeye haahidi. Nikamwambia miujiza aniachie mimi, yeye achome tu. Mimi gauni la harusi nimewahi kulipunguza bibi harusi akiwa ndani yake. Akaniandikia Alhamisi. Sharti moja: nisije na njaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga. Jambo kubwa haliendewi na tumbo limeshiba. Nimeanza jana baada ya chakula cha jioni, maji tu, mpaka sindano zifanikiwe. Mzee wangu akauliza nafunga kwa ajili gani. Nikasema kwa ajili ya kwaya. Akasema basi niombe na besi ipungue, maana wakifanya mazoezi haisikii redio anayoitengeneza.

Mchana akaja Bi Poda kupimwa. Sare za video nashona mimi, zote ishirini na nne. Akajizungusha mbele ya kioo changu, akasema, "Dada, wewe kule nyuma utapumzika. Hata viatu si lazima uvipige rangi." Nikamwambia asante kwa kunifikiria. Nikampima shingo. Shetani akaninong'oneza niibane kola vidole viwili. Nikasali palepale, futi ikiwa mkononi, nikamshinda. Nikaibana kidole kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechomwa. Mpokezi aliuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Nilikula, Jumanne. Yeye hakuuliza lini.

Zilipangwa sindano kumi na mbili. Haziumi, mdogo wangu! Ni kama mbu aliyeghairi. Kila moja daktari akiuliza, vipi hapo mama, nami nikisema endelea mwanangu. Ya tano ilipoingia kati ya nyusi nikaona feni inazunguka kinyume. Ya sita nikamwona marehemu mama, ananiuliza nimeacha nini jikoni. Ya saba siikumbuki.

Nilipozinduka miguu ilikuwa juu ya mito mitatu, sindano zote zimetolewa, na daktari kanishika mkono anahesabu mapigo. Jasho lilikuwa linamtoka yeye. Akauliza nimekula lini. Nikamwambia, maana sasa ndiyo ameuliza. Akavuta kiti, akakaa. Akasema ameshaona waliokuja na homa, ameshaona waliokunywa kwanza wapate moyo, lakini aliyefunga ili sindano zifanikiwe hajamwona. Nikamkaribisha kanisani. Akaninywesha chai yenye sukari nyingi na kunilisha mkate. Mfungo umevunjika. Nimeuhesabu kuwa ulifika.

Nikaomba ile kalamu. Akakataa kata kata, leo haiwezekani. Hapo nikalia. Machozi ya kweli haya, si ya mpango. Nikamwambia mimi shule sikufika mbali, watoto wamekwenda zao, siku nzima nimeinamia pindo za watu. Mahali pekee ambapo mtu hunyamaza aniangalie ni pale mbele, nikifungua kinywa. Binti akanipa kitambaa. Akasema basi, kesho. Lakini nile. Na nijue kwamba Jumamosi uso utakuwa umevimba na kuwaka, siku mbili hivi. Angekuwa ni yeye angesubiri, akasema. Nikakubali masharti. Siku mbili za daktari, kwa maombi, ni siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekula mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Daktari akauliza nimekula nini, nikaanza kutaja, akasema inatosha.

Akanipaka dawa ya ganzi, tukasubiri, akaiwasha kalamu. Inanguruma kama cherehani yangu ya umeme! Nikatulia kama kitambaa. Kashona uso mzima bila uzi. Akanipa masharti: mpaka kesho nisiguse uso. Sabuni hapana, poda hapana, mafuta hapana, jua hapana. Nikaahidi. Nilikuwa na nia njema kabisa.

Saa kumi, hodi. Wanawake wa maombi, saba, Bi Poda mbele yao. Kumbe yule mpokezi ni binti wa dada yake! Habari zimewafikia kwamba nilizimia kwa daktari, na ugonjwa haujulikani. Wamekuja kuniombea. Na chupa ya mafuta ya upako wanayo.

Nikajitupa kitandani, shuka hadi puani. Hebu fikiria. Nikisema nimetobolewa uso ili nimpiku Bi Poda, nimekwisha. Nikisema siumwi, ni uongo, maana uso unawaka moto. Nikikataa mafuta, watasema nina pepo. Nikiwa bado nachagua, Bi Poda akafunua shuka.

Wa nyuma wakasogea mlangoni.

"Jamani," akasema, "ni vibaya kuliko tulivyoambiwa."

Akamimina. Si tone, nusu chupa! Akanipaka paji, mashavu na kidevu kwa viganja viwili kama mtu anayekanda unga, huku akiukemea ugonjwa kwa majina. Mmoja nyuma akauliza kama unaambukiza. Mwingine akamjibu, "Wewe omba, utauliza ukitoka." Wakasema amina. Nami nikasema amina. Ningefanyaje?

Mzee wangu aliporudi akanitazama, akauliza kama hii ndiyo ile shughuli ya sindano. Nikamweleza yote. Akasema uso wangu yeye anaujua miaka yote hii, na hakuwahi kuuona umeharibika mpaka nilipoutengeneza. Mume mwema, lakini mambo ya kamera hayajui.

Jumamosi, 8 Machi

Vipele, mdogo wangu! Paji limevimba, mashavu yamevimba, jicho la kushoto linafunguka nusu. Nikampigia daktari. Nilipofika kwenye neno "mafuta" akapiga kelele kidogo, kisha akanielekeza: maji safi ya baridi, nisipake kitu chochote, nikae ndani. Nikafanya yote. Halafu nikaenda kwenye video.

Mwalimu wa kwaya akaniona, akashika kichwa. Akaniambia mama, kaa pale kwenye benchi, kivulini, upumzike. Kwa hiyo hata mstari wa tatu nimenyang'anywa! Nikakaa. Nikawatazama watu ishirini na tatu wamevaa kazi ya mikono yangu, wamependeza, na sare ya ishirini na nne nimeivaa mimi benchini. Sikulia. Daktari hakusema lolote kuhusu machozi, nikaogopa chumvi.

Bi Poda akaanzisha wimbo. Akapanda juu kama paka aliyefukuzwa na mbwa, akashindwa kushuka. Wakasimamishwa. Mara ya pili akaanza chini mno, besi wakakosa pa kwenda, Mlingoti akakunja magoti kana kwamba sauti imeangukia ardhini. Mara ya tatu alikwenda vizuri mpaka ubeti wa pili, kola ikamkaba. Hapo nilijilaumu. Si sana. Mpiga video akasema betri inaisha na jua linapanda. Mwalimu akajifuta jasho kwa karatasi ya noti za wimbo.

Mara ya nne, kabla Bi Poda hajavuta pumzi, nikaanza mimi. Sikupanga. Ulimwengu huu nimepanga mengi, hilo sikulipanga. Nilikuwa nimekaa benchini nikatoa sauti tu, niwape pa kushika. Kwaya nzima ikaingia kama mlango kwenye bawaba zake. Walipomaliza, Mlingoti akageuka kutazama benchi. Kisha mpiga video akauliza, "Huyo mama ni nani, na kwa nini hayumo?"

Mwalimu akanijia pale benchini. Akasema nisimame mbele. Nikamuuliza, na uso? Akasema, "Mama, wewe simama mbele." Mpiga video akarudi nyuma hatua ishirini, akanichukua upande wa kulia, ulio afadhali.

Bi Poda akasogea mstari wa tatu. Nikampa pole.

Jumatatu, 10 Machi

Jana nimelala na kusali tu, sikuandika. Uso umepoa, jicho linafunguka lote.

Leo kabla ya mazoezi mwalimu amenisimamisha mbele ya kwaya nzima. Akaniomba radhi. Akasema yeye ndiye aliyekosea, mstari wa mbele ni wangu mpaka nitakapochoka mwenyewe. Akasema kilichonirudisha ni sauti, si uso, na watu wote wamsikie: sauti. Akaniomba kama mwanangu niachane na mambo ya sindano. Mzee wangu alikuwa amekuja kurekebisha kipaza sauti, akasema amina kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu tulipofunga ndoa.

Nimelitafakari njia nzima. Mwalimu ni mtu wa heshima. Hawezi kusifu uso wa mke wa mtu mbele ya mumewe, ikabidi aseme sauti. Lakini tazama mambo yalivyo. Jumatatu, bila sindano, mstari wa tatu. Jumamosi, na sindano, mstari wa mbele. Sauti ni ileile ya miaka kumi na tisa. Kilichoongezeka ni nini? Mwenye macho haambiwi tazama.

Kwa hiyo nikapitia kwa daktari. Hakuruka kwa furaha, ila amekubali awamu ya pili mwezi ujao, na shingo nimeiongeza. Halafu sikia hili. Wana utaratibu kwamba mgonjwa wa zamani akimleta mgonjwa mpya, yule wa zamani anatibiwa bure mara moja.

Najua ulivyo na sindano. Siku ya chanjo shuleni ulipitia dirishani, na dawati ukaondoka nalo. Lakini huo ulikuwa utoto. Fomu nimekujazia mimi, kurasa zote nne, kwa mwandiko mzuri. Kisukari hapana, dawa hapana. Palipoulizwa kama unaogopa sindano nimeandika "zamani." Unangojwa Jumanne, tarehe 8 Aprili, saa nne asubuhi. Goti nimelitaja pia, anasema nalo linachomeka.

Msalimie shemeji, ila sababu ya safari usimwambie. Daktari nimemweleza kwamba unakuja kwa hiari yako, na mimi sipendi kusema uongo. Tafadhali nijibu upesi.