Vumbi Halikuguswa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi kutoka Makao Makuu, uliyeacha shughuli zako nzito na hata zile nyepesi ukaja kwetu. Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi, pamoja na askari wako wawili waliomkalia mlinzi wetu kulia na kushoto. Waheshimiwa wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, na wale wanaokaimu nafasi za wasaidizi. Bibi Mtaalamu wa Vielelezo, uliyefika na glavu zako ukatufanyia kazi ya kihistoria. Viongozi wa dini mliofika na mliotuma udhuru. Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, wadau, mastekiholda, na ninyi wengine wote ambao itifaki haina jina lenu lakini inawatambua hivyo hivyo mlivyo: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Fundi wa vipaza sauti anazinduka usingizini na kukuta bado ni salamu.)

Nasimama mbele yenu, na mbele ya mlango huu wa buluu ambao rangi yake bado inanata, kwa hiyo namwomba dada aliyeuegemea pale ajiokoe, kwa dhumuni moja tu la kuzindua Kituo cha Kisasa cha Ukusanyaji na Uchambuzi wa Vielelezo vya Matukio ya Uhalifu, kituo ambacho nilikiota mimi, nikakiandikia andiko mimi, nikakitetea kwenye semina, warsha, makongamano na prezentesheni mpaka koo likanikauka, na ambacho kwa mujibu wa takwimu nilizozipata kwa njia shirikishi, yaani mimi na katibu wangu, kimeshaongeza imani ya wananchi kwa asilimia tisini na kitu. (Makofi ya wakuu wa idara. Wananchi wanatazamana.)

Kwa wasiojua, kielelezo ni kitu chochote kinachobaki pale uhalifu ulipofanyika: unywele, kifungo kilichokatika, alama ya kiatu, hata vumbi. Vitu hivi havina mdomo, lakini ukivipiga picha kabla hujavigusa, ukaviokota kwa glavu, ukatia kila kimoja kwenye mfuko wake, vitakueleza nani aliingia, alipita wapi na alitoka na nini. Zamani hatukuwa na utaalamu huo. Zamani tulikuwa tunamkamata aliyekuwa karibu. (Kicheko. Mkuu wa Kituo cha Polisi anaikagua kofia yake kwa ndani.)

Naona mkono umenyooshwa mstari wa mbele. Huyo ni fundi wetu wa cherehani, anayetushonea hata sare za idara, wengi mnamwita Mama Pindo, naye ndiye mke wa mlinzi aliyekaa katikati ya askari. Mama, nafasi ya fidibeki itakuja mwishoni, muda ukituruhusu. (Mama Pindo hakai. Ameshika koti la mumewe, limepigwa pasi. "Mheshimiwa, mlalamikaji ni wewe," anasema. "Polisi wameniambia ukitamka hapa kwamba mume wangu si mwizi, naondoka naye leo. Sasa niambie, ni mwizi au si mwizi?")

Swali zuri sana. Nimelipokea kwa mikono miwili, na litajibiwa ndani ya hotuba kwa mtiririko wake.

Turudi kwenye tukio. Siku nilipopata taarifa kwamba Mheshimiwa Mgeni Rasmi anakuja kuviona vifaa vya kituo kwa macho yake, mimi, nikiwa ofisini kwangu kule ng'ambo ya barabara, chai ikiwa bado mezani, niligundua papo hapo kwamba vifaa vyote vimeibiwa. (Minong'ono. Sauti kutoka nyuma inauliza aligunduaje bila kufungua mlango.) Bila kufungua mlango, ndiyo, ndiyo maana ya kiongozi mwenye kuona mbali. Hadubini, mashine ya kusoma alama za vidole, jokofu la sampuli, kompyuta na viti vyake vya kuzunguka, vyote vimekwenda. Na kwa kuwa anayelinda hapa ni mmoja tu, huyu ambaye watu wa mtaani wamempa jina la Macho Kodo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amesinzia, basi nikamtaja yeye. Sikumtaja kwa chuki, ndugu zangu. Nilimtaja kwa sababu za kiutawala.

Polisi wakaomba mtaalamu, naye Bibi Mtaalamu akaja, akazungusha utepe kuanzia nguzo ya taa mpaka kwenye lango, akasema mtu yeyote asivuke. Mimi sikuwepo alipoyasema hayo. Nilipofika nilikuta utepe tu, mpya, umenyooka, unapepea kidogo. Sasa mnielewe. Nimezindua vyoo, nimezindua kisima, nimezindua daraja la miguu na ukuta ambao hata haujulikani unazuia nini. Mkono wangu ukiona utepe haungoji amri. Nikaomba mkasi, na katika msafara wangu mkasi haukosekani. (Kicheko kirefu. Bibi Mtaalamu anafunika uso kwa glavu.) Nikakata, wasaidizi wakapiga makofi, mpiga picha akafanya kazi yake, tukaingia uani watu kama kumi na tano, tukapanda barazani tukanywa soda, na Bibi Mtaalamu alipoanza kupaza sauti mimi nilidhani anatushangilia.

Vilevile, kwa kuwa mgeni hapokelewi kwenye uchafu, nilikuwa nimeshaagiza baraza ipigwe deki, mawe ya njiani yapakwe chokaa na mlango upakwe buluu, hivyo nyayo zote za nje, ziwe za mwizi au za mbuzi, zilishughulikiwa kikamilifu. Hata hivyo, kwenye rangi mbichi ya mlango Bibi Mtaalamu alikuta alama za vidole vitano, akazipiga picha, akazilinganisha na za kila mtu aliyekuwepo, na sayansi ikathibitisha bila chembe ya shaka kwamba ni zangu, nilipoegemea wakati wa picha ya pamoja. (Makofi kutoka kwa msaidizi mmoja, ambaye anaacha anapoona yuko peke yake.) Asante. Hayo ndiyo mafanikio ya kwanza ya kituo hiki.

Ndani sasa. Ndani hatukuingia, kwa sababu ufunguo haukuwepo kwa mlinzi wala kwa mtunza stoo. Ulikuja kupatikana kwenye droo yangu, ukiwa bado umefungwa kwa waya wa dukani pamoja na mwenzake. Tuliutia kwenye kufuli ukakataa kuzunguka, kufuli limeota kutu mpaka tumboni, ikabidi likatwe kwa msumeno. Bibi Mtaalamu akaingia peke yake, na mimi akaniacha nje kwa maneno ambayo siku nyingine ningeyaita utovu wa nidhamu.

Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka alitueleza, mimi na Mkuu wa Kituo cha Polisi, kwamba utando wa buibui ulikuwa umekatiza mlangoni kwa ndani, kutoka mwimo hadi mwimo, mzima. Kwamba sakafu ina vumbi lisilo na wayo wala mburuzo. Kwamba rafu zote, ya juu mpaka ya chini, zina vumbi lililolala sawasawa, na kitu kikikaa juu ya rafu halafu kikaondolewa, anasema, huacha mahali pake pasafi, kama mnavyoona mkihamisha redio juu ya kabati. Hakuona mahali pasafi. Kabla hajatoka nilikuwa nimemwona kupitia mlangoni akilikusanya vumbi lile kwa brashi ndogo, rafu moja bahasha moja, nikamuuliza kwa nini anajibebesha uchafu wetu, naye akanijibu, "Huyu ndiye shahidi pekee ambaye hamjamfagia." (Kicheko kinaanzia nyuma na kuja mbele polepole. Macho Kodo hacheki. Anamtazama mkewe.)

Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba tuyatafsiri matokeo haya kwa mtazamo chanya. Hakuna aliyeingia. Hakuna kilichotoka. Kiwango cha wizi ndani ya kituo chetu ni sifuri, na eneo la tukio lilihifadhiwa kwa kiwango ambacho mataifa mengine yatakuja kujifunza kwetu, kwa sababu tangu jengo likamilike mimi mwenyewe nilihakikisha halifunguliwi. (Mgeni Rasmi anakisogeza kipaza sauti chake. Anauliza, kwa upole kabisa, kama hakuna kilichotoka, vifaa viko wapi.)

Mheshimiwa, vifaa vipo. Vipo katika hatua ya dhana. Kuna hatua ya dhana, kuna hatua ya upembuzi, kuna hatua ya kapasiti bilding, na huwezi kuruka kutoka moja kwenda nyingine bila kuathiri uendelevu, ambao ndio nguzo mtambuka ya... (Mama Pindo bado amesimama. "Bado hujanijibu, Mheshimiwa.")

Mama, nakuja. Katibu wangu ananinong'oneza niseme uchunguzi unaendelea. Ni maneno mazuri, yamenivusha mahali pengi. (Mgeni Rasmi anasema naye anasubiri. Mheshimiwa mwenye hotuba anajifuta jasho kwa karatasi yake, wino unamwachia doa kwenye paji la uso.) Nakuona, Macho Kodo. Umekonda. Jioni ile nilipotaka kuegesha gari langu hapa uani ulinizuia, ukaniambia hapa hapaegeshwi, pana mali ya umma ndani, na mimi nikakasirika, kwa sababu kati yetu wawili ni mimi tu niliyejua unachokilinda.

Si mwizi.

Nimesema si mwizi, Mkuu wa Kituo umesikia. (Askari mmoja anasimama. Wa pili anatafuta funguo za pingu.) Naomba ieleweke, hata hivyo, kwamba nimetamka hayo kwa niaba ya idara, na kwamba ari yetu haijashuka, kwa hiyo kabla sijashuka nami, tupandishe sauti kidogo. Nikisema vielelezo, mseme vinasema kweli. Vielelezo! (Vinasema kweli.) Nikisema utaalamu, mseme kazi. Utaalamu! (Kazi.) Nikisema vifaa, mseme vinakuja. Vifaa! (Havikuwepo, wanasema wote kwa pamoja, wala hawakuwa wamepanga.) Tumelipokea, tutalifanyia kazi.

Mwisho kabisa ni shukrani. Namshukuru fundi rangi, mlango umependeza. Namshukuru buibui, ambaye katika mradi wote huu ndiye pekee aliyejenga kitu. Na nakushukuru wewe, mlinzi wetu, uliyesimama hapa kwenye mvua na kwenye baridi, ukafukuza mbuzi, ukafukuza walevi, ukanifukuza hata mimi, ukilinda maabara ambayo haijawahi kuletewa hata kijiko, na ambayo tangu siku ya kwanza ilikuwa mdomoni mwangu tu. Kituo hiki kingekuwepo, kisingepata mlinzi bora kuliko wewe. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi hayapigwi. Mama Pindo anamvisha mumewe koti na kumfunga vifungo kimoja kimoja mbele ya watu wote, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Wanapoondoka wanapita kando ya mlango wa buluu, na Macho Kodo anausukuma kwa kiganja kuona kama umefungwa, kama alivyozoea kila akimaliza zamu. Unafunguka. Mkutano mzima unaziona rafu, na vumbi, na nyayo za mtu mmoja aliyeingia na kutoka. Anaurudishia mlango polepole. "Kufuli lilikatwa, Mheshimiwa," anasema. "Tafuteni jingine." Halafu anamshika mkewe mkono na kwenda nyumbani, kiganja kimoja kikiwa cha buluu.)