Barabara ya Farasi wa Vidole Vitatu

Kurugenzi ya Nyayo za Kale na Njia za Asili ina furaha kuu kuutangazia umma wa Kitengela kwamba barabara ya kwanza katika historia ya eneo hili imepatikana, na kwamba walioitengeneza walikuwa wanyama.

Mkurugenzi Gakuru aliliandika tangazo hilo mwenyewe, kabla ya chai ya saa nne, na alipolisoma tena hakuona hata neno moja la kufuta.

Nyayo zenyewe zilikuwa za kweli. Mvua za Aprili zilikuwa zimeosha udongo kando ya kijito kikavu, mwamba ukabaki mtupu, na juu ya mwamba huo wanyama walikuwa wamepita zamani za kale, wakati ulipokuwa bado jivu bichi la volkano. Dakta Mutindi, mtaalamu wa nyayo wa Kurugenzi, alipiga magoti akazisoma. Alikuta farasi wa kale mwenye vidole vitatu, na mtoto wake ubavuni. Alikuta vijishimo vya minyoo, na hata alama za matone ya mvua iliyonyesha siku hiyo. Aliomba turubai na uzio, ng'ombe wasije wakazikanyaga.

Gakuru hakumpa turubai. Alikaa akafikiri. Nyayo ni njia. Njia ni ya umma. Njia ya umma ina hifadhi yake kushoto na kulia, na yeyote aliyejenga ndani ya hifadhi hiyo ni mvamizi. Vijishimo vya minyoo aliagiza viandikwe kwenye ripoti kama makazi yasiyo rasmi.

Tena nyayo zilikuwa zimeelekea pazuri. Zilikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa hoteli ya Nzula, mjane aliyepikia wachimba mawe githeri na chapati, na aliyesomesha watoto wake kwa jiko hilo hilo la kuni. Ng'ambo ya uwanja, upande wa pili, ilisimama gesti hausi mpya ya ghorofa tatu, iliyoandikishwa kwa jina la Nyawira, mke wa Gakuru. Wageni wa ghorofa walilalamika juu ya moshi. Gakuru alikuwa ameshamwomba Nzula auze ploti, na Nzula alikuwa amemjibu, "Hapa tulinunua na marehemu wakati hata fisi hawakuwa wanapataka. Siuzi." Gakuru hakumchukia mama wa watu. Alitaka mahali pa wageni kuegesha magari tu.

Kwa hiyo zikatungwa Kanuni. Ya kwanza ilisema nyayo zitafuatwa kikamilifu, bila kujali cheo, kabila wala dini ya mwenye ploti. Ya pili ilisema amri ya kubomoa haiwezi kusimamishwa na mtu yeyote mwenye maslahi kwenye njia hiyo, yawe yake, ya ndugu au ya mke. Hiyo ya pili Gakuru aliipenda zaidi. Ukoo wa Nzula ulikuwa mkubwa, na ulijua kusumbua.

Baraza likaitwa uwanjani.

"Sopa," Mkurugenzi aliwasalimu kwa Kimaa.

"Epa," umati ukajibu.

Nzula alisimama, mikono bado ina unga. "Bwana Mkurugenzi, na hao wanyama, tutajuaje hawakutudanganya?"

"Mama, hawa ni mashahidi safi. Hawana ploti Kitengela. Hawana ndugu kwa Kurugenzi. Hakuna mtu anaweza kuwahonga."

Watu walipiga makofi. Mashahidi wa namna hiyo walikuwa hawajawahi kuonekana Kajiado nzima.

"Na mimi nikitolewa naenda wapi?"

"Kurugenzi itakupatia cheti cha shukrani."

Dakta Mutindi aliinua mkono. "Bosi, hapo karibu na ukuta hatujachimba. Hatujui kama waliendelea straight."

"Dakta, wewe umesoma. Kulikuwa na hoteli hapo wakati huo?"

"Hakukuwa."

"Sasa ni nini ingewazuia?"

Jioni hiyo ukuta wa mabati wa Nzula ulipigwa X ya rangi nyekundu. Nzula hakulia. Alianza kupanga sufuria, ndogo ndani ya kubwa, na kwa kweli aliogopa, maana hakuwa na pa kwenda kupika. Mutindi naye, ambaye hakupenda kuweka sahihi kwa kitu ambacho hajakiona, alichukua koleo na brashi akaanza kuchimba chini ya ukuta.

Matokeo alimpelekea Mkurugenzi kwa simu. Farasi alikuwa amesimama hatua chache tu kabla ya hoteli. Kwato zilizama, zikateleza kidogo. Mtoto alimgonga mamake kwa nyuma. Kisha wote wawili waligeuka, wakavuka uwanja, wakapita chini ya lango la gesti hausi.

"Wamegeuka kwa nini?" aliuliza Gakuru.

"Labda walisikia harufu ya maji. Labda simba."

"Umewaangalia vizuri?"

"Nimewaangalia vizuri, bosi."

Kamati ya dharura ilikaa siku nzima. Mjumbe mmoja alipendekeza farasi huyo atangazwe kuwa hakuwa na akili timamu. Mwingine alisema hakuwa mkaaji wa Kajiado hata kidogo, alikuwa anapita tu kwenda zake Magadi. Gakuru aliona yote mawili yana busara. Lakini Kanuni zilikuwa zimeshasomwa redioni kwa Kikamba, kwa Kikuyu na kwa Kimaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipia zirudiwe. Na alipochukua kalamu asimamishe amri, mwanasheria wa Kamati alikohoa, akamwonyesha ile Kanuni ya pili, penye neno mke.

Jumamosi asubuhi tingatinga lilifika. Wafanyakazi walikunywa chai kwanza kwa Nzula, wakampa pole kwa ile X, wakamwambia aifute tu. Mutindi aliwasihi wasiukanyage mwamba. Kisha wakavuka uwanja.

Gakuru alitoka langoni na patipati miguuni na vesti, bila suti, bila gari lenye bendera. Askari aliyekuwa mbele aliitwa Mwololo. Alikuwa amehamishwa kutoka Magadi juzi tu, na picha ya Mkurugenzi haikuwa imefika huko.

"Mko na oda ya korti?" aliuliza Gakuru.

"Mzee, sisi tumetumwa tu."

"Mmetumwa na nani?"

"Ofisi. Kama uko na malalamiko, enda Kajiado umuone Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi."

Mwololo alimtazama kuanzia patipati hadi vesti. Alikuwa mtu mpole, na watu waliochanganyikiwa mbele ya nyumba zao alikuwa ameshawaona wengi.

"Basi leo hutampata ofisini," alisema, akampungia mkono dereva.